Duka Linaloitwa Sere

Kitengela,
2 Machi 2025

Mpendwa Waya,

Pokea salamu nyingi sana, shangazi yangu. Mimi sijambo. Baba naye hajambo kule Tuala. Siku hizi anajipima presha kila asubuhi halafu anawatangazia majirani matokeo kama mtu wa tume ya uchaguzi. Goti lako linaendeleaje? Nilikuuliza kwenye simu wiki jana, ukanijibu kwamba mvua imenyesha kidogo, kisha ukakata. Ndiyo sababu nimeamua kuandika barua na kumpa Lemein wa lori la nyanya akuletee. Wewe ndiwe uliyetufundisha Kiswahili ukoo mzima, labda karatasi utaivumilia kuliko simu.

Sasa keti. Umeketi? Nimeacha kazi kule ofisi ya shamba la maua. Nimefungua duka la vito. Nikisema duka nisikudanganye: ni kachumba kando ya barabara ya Namanga, upande huu kinyozi, upande ule muuza magodoro, na mteja akiingia lazima mimi nitoke ndio apate nafasi ya kugeuka. Natengeneza hereni za shaba, mikufu na bangili za shanga. Niko na vidole kumi na karibu vyote viko na plasta.

Baba hajakubali. Kanisani anawaambia watu niko likizo. Ameongea na meneja wa shamba, rafiki yake, na kiti changu kinanisubiri mpaka Januari. Nimepewa hadi Krismasi: duka lisimame, la sivyo nirudi kwenye maua bila maneno. Nilikubali. Tulikuwa tunakula kwake, na ni vigumu kubishana na mtu ukiwa na mwiba wa samaki mdomoni. Lakini Waya, sitaki kurudi. Hilo nakuambia wewe tu.

Naomba ushauri. Wewe ulienda ile semina ya biashara ya wastaafu, na katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyewahi kukaa karibu na mtu anayejua soko.

Jina la duka unalijua, ni lile nililokuuliza kwenye simu. Akina mama wa Kimaasai wakipita hapa wanashika mikufu, wanaigeuza, wanatabasamu, halafu wanasema "sere" na kwenda zao. Wote! Nikajua hilo ndilo neno la kusifia kitu kizuri. Ila kwa sababu mimi ni mtu makini, nikakupigia wewe uliyeishi na Wamaasai tangu nikiwa mtoto, nikauliza, "Waya, sere ni nzuri?" Ukajibu, "Nzuri sana! Watu wote wameipenda!" Nikamwita mchoraji siku hiyo hiyo. Sasa juu ya mlango kumeandikwa KARIBU SERE kwa rangi ya dhahabu, na ukutani, SERE KWA KILA MTEJA.

Bado hawanunui, lakini wanatabasamu kushinda zamani.

Wako,
Apondi


Loitokitok,
23 Machi 2025

Nyar owadwa, binti wa ndugu yangu,

Barua yako imefika ikiwa imelala chini ya kreti, na nyanya moja imepasukia jina langu. Mimi ni mzima. Goti linauma likitaka na kunyamaza likitaka. Vitunguu vimekubali mwaka huu, nyanya zimepata madoadoa, na mbuzi wa jirani anakula vyote viwili bila kuchagua.

Kabla ya yote, sahihisho. Hatusemi "niko na vidole kumi". Nina vidole kumi. Endelea.

Kuacha kazi sikugombezi. Mimi nilipostaafu niliuza maandazi pale shuleni, biashara ikafa kwa sababu mteja wangu mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Na hiyo semina unayoitaja nilikaa nyuma, nikapata nusu. Nusu nyingine mwezeshaji aliisemea kidevuni mwake. Hata hivyo nitakupa nilichonacho, maana mwalimu mstaafu asipotoa ushauri hupata homa.

Weka kioo. Si kile cha mkoba, kioo cha kuonyesha uso na shingo, na kiwe mahali penye mwanga. Mtu hanunui hereni, ananunua sura yake akiwa amevaa hereni. Mvishe kabla hajauliza bei, na bei iwe imeandikwa, usiwe unamtazama mtu viatu kwanza ndipo uitaje. Halafu punguza vitu ukutani. Sijafika hapo lakini nakujua: umetundika mpaka mteja anaogopa kuangukiwa. Acha vichache, kila kimoja kipumue, na vingine viweke chini uvitoe kama siri. Picha za simu zipige nje asubuhi, juu ya kitambaa cha rangi moja. Ile uliyonitumia Januari ilikuwa juu ya kitanda chako na nikaona soksi.

Jirani yangu Istahil, anayeuza dhahabu hapa sokoni, anasema usibane pesa kwenye ndoano za hereni. Zile rahisi zinawasha. Na mtu akiwashwa sikio hasemi ndoano ni mbaya, anasema Apondi ni mbaya.

Nitumie jozi moja nivae. Mimi ni mrefu, nasimama mbele kwenye kwaya, nitakuwa bango lako huku.

Kuhusu jina la duka, hilo tuliache kwanza. Huyo mchoraji ameshamaliza kabisa? Au bado kuna rangi ya pili?

Shangazi yako,
Trufosa


Kitengela,
11 Mei 2025

Mpendwa Waya,

Salamu kwa goti na kwa vitunguu. Mbuzi simsalimii. Baba amepata miwani mipya na sasa anasoma maandishi yote madogo kwenye kila kopo hapa duniani.

Nina vidole kumi. Umeona?

Waya, kioo! Nilikinunua kwa fundi wa madirisha na tangu nikiweke hata wateja wa kinyozi wanaingia kujitazama shingo, na mmoja wao alimnunulia mkewe bangili, sijui alikuwa amefanya kosa gani. Nimepunguza vitu ukutani. Soksi nimeondoa. Ndoano nimebadilisha, na zile za zamani nimezivaa mimi mwenyewe kama adhabu. Sikio moja limevimba. Hereni zako hizo hapa, nimekuwekea majani madogo ya shaba yanayoning'inia, uonekane kutoka mbali.

Mchoraji amemaliza. Amerudia mara ya pili ili ing'ae. Watu wanasimama na kupiga picha na kibao changu, Waya, wanacheka kwa furaha, wanatumiana. Sijalipia tangazo hata moja.

Sasa habari kubwa. Kuna mama mmoja wa Kisaju, Mama Saning'o. Binti yake Lucy anaolewa Juni tarehe kumi na nne, na amenipa kazi ya mikufu ya bibi harusi na wasimamizi wake wote. Huyu mama akisema neno sokoni Kisaju, watu wanafuata. Hii kazi ikienda vizuri Baba hatakuwa na la kusema Krismasi. Nimetengenezesha masanduku meupe na juu ya kila moja nimepigisha chapa SERE kwa herufi kubwa za dhahabu. Usiku, nisamehe, nayatazama tu.

Naenda kuunga shanga. Nijibu upesi.

Wako,
Apondi


Loitokitok,
25 Mei 2025

Nyar owadwa,

Sisi wazima. Hereni zimefika. Nimezivaa kanisani na kila nikigeuza shingo kanisa zima linageuka. Hata mchungaji alikatiza mahubiri akanitazama. Kazi yako ni nzuri, mwanangu, natamba nayo.

Usitumie hayo masanduku. Funga mikufu kwa kitambaa, au ubandike ua juu ya maandishi. Usiniulize kwa nini. Fanya tu.

Trufosa


Kitengela,
29 Juni 2025

Waya,

Hatujambo.

Barua yako imefika siku tano baada ya harusi. Lori la Lemein lilivunjika ekseli na likalala karakana wiki kadhaa, na barua ikalala nalo. Kwa hivyo masanduku yalienda kama yalivyo.

Acha nikueleze, ingawa naona unajua tayari. Zawadi zilifunguliwa mbele ya watu. Mjomba wa bwana harusi, mzee wa heshima, alichukua sanduku la bibi harusi, akaliinua, akasoma kwa sauti kwenye maikrofoni. Halafu akauliza kwa Kiswahili, ili na sisi tuelewe, "Nani amemwandikia huyu msichana kwaheri? Tunamkaribisha ama tunamfukuza?"

Kwaheri, Waya! Sere ni kwaheri!

Jumatatu Mama Saning'o alikuja dukani. Alisimama mlangoni chini ya kibao changu.

"Wewe, nani alikuambia uandike hiyo neno?"

"Mama, nilidhani ni kitu kizuri."

"Kitu kizuri? Mimi nikikuja hapa nikishika mali yako, halafu nikuambie sere, si nilikuwa naenda zangu? Ulidhani nakusifu?"

Nilikuwa nimedhani hivyo. Nilimwambia ndiyo. Muuza magodoro akacheka mpaka akaingia ndani kwake. Mama Saning'o hakucheka. Alisema, "Umeniaibisha mbele ya wakwe zangu," akageuka, na safari hii hakuniaga.

Fikiria, Waya. KARIBU KWAHERI. KWAHERI KWA KILA MTEJA. Nimekaa miezi chini ya maneno hayo nikitabasamu kama mtu aliyeshinda gari. Wale waliokuwa wakipiga picha walidhani ni mzaha. Kinyozi anasema yeye alifikiri Wajaluo tuna ucheshi wa aina yake. Hakuna mtu Kisaju atanunua kwangu tena. Baba amesikia, alisafisha miwani tu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mimi ni mjinga, hilo nimekubali. Lakini wewe si mjinga. Umeishi huko karibu miaka thelathini. Nilikuuliza, ukasema nzuri sana. Kisha ulijua, ukaniandikia habari za soksi. Kwa nini? Ulikuwa unanicheka?

Sitaki ushauri wa biashara. Nataka hilo jibu tu.

Apondi


Loitokitok,
31 Agosti 2025

Mwanangu Apondi,

Huku tu wazima. Vitunguu vimevunwa. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara napata kazi ya ghafla shambani, mimi ambaye nina kibarua wa shamba.

Siku ile uliponipigia, jana yake tulikuwa na sherehe ya mavuno kanisani. Ukasema, "Waya, sere ni nzuri?" Mimi nikasikia, "Waya, sherehe ni nzuri?" Nikakujibu kwamba ilikuwa nzuri sana na watu wote wameipenda. Walikuwa wamechinja ng'ombe, kwa nini wasiipende?

Sisikii, Apondi. Sikio la kushoto lilienda muda mrefu uliopita na la kulia linalifuata. Kwenye simu nasikia mtu kama yuko ndani ya pipa, kwa hivyo nakisia anachouliza, nataja mvua, nakata. Mvua ni jibu zuri, inafaa karibu maswali yote. Katika semina nilikaa mbele kabisa, si nyuma, na bado nilipata nusu. Kwaya naimba kwa kutazama midomo ya wenzangu na nadhani ninawapotosha.

Hakuna anayejua. Nimewapigia watoto wa watu makelele maisha yangu yote: "Sikiliza! Huna masikio?" Ndiyo maneno yangu, wanafunzi wangu wa zamani wananiigiza nayo hadi leo. Sasa niende niseme nini?

Barua yako ya kwanza iliponifikia nilielewa mara moja nilichokuwa nimefanya. Ningekuambia ukweli ungeuliza ilikuwaje nikakosea, na ningelazimika kusema habari za masikio. Nikakuandikia juu ya vioo. Uliponitajia masanduku ningeweza kumpa Istahil simu akuandikie ujumbe ukufikie siku hiyo hiyo. Nilijiambia barua ina heshima zaidi. Ukweli ni kwamba barua huenda polepole, na mimi ni mwoga. Sikukucheka. Niliona haya, na haya yangu imekuharibia kazi. Nisamehe, mwanangu.

Hukutaka ushauri. Nitautoa hata hivyo, unanijua. Kibao usikifute. Hapo Kitengela nusu ya watu ni wapangaji. Mwisho wa mwezi huwezi kuvuka barabara kwa sababu ya mikokoteni ya vitanda. Mtu anahamia kiwanja chake. Msichana anaenda Ghuba kufanya kazi. Mwalimu amepata uhamisho, mtoto anaenda shule ya bweni, binti anaolewa. Wote wanaagana, na wanaagana mikono mitupu, au kwa keki inayoisha jioni hiyo hiyo. Una duka la pekee nchini lenye jina la kuaga. Uza cha kuaga nacho.

Lakini kwanza nenda Kisaju kwa miguu yako, umwombe Mama Saning'o radhi. Usitume ujumbe. Na kama utahitaji neno la kitu kizuri, ni "sidai". Nimeliandika kwa herufi, kwa hivyo safari hii hatuwezi kulisikia vibaya.

Shangazi yako asiyesikia,
Trufosa


Kitengela,
14 Septemba 2025

Waya wangu,

Salamu nyingi, na hizi nakuandikia kwa herufi kubwa ingawa najua macho yako hayana neno.

Nilisoma barua yako nikalia, halafu nikafika kwenye mvua nikacheka mpaka kinyozi akaja kuuliza. Kumbe ndiyo sababu nilipokuambia nimeachana na yule kijana wa benki ulinijibu kwamba shamba lilikuwa linaihitaji sana! Nilifikiri ni hekima. Nilimrudishia hata zawadi zake kwa sababu ya hekima hiyo.

Nilikukasirikia na sasa sijakasirika. Hilo limeisha, usiliandike tena.

Nimeenda Kisaju. Njia nzima nilikuwa nakariri neno lako: sidai, sidai, sidai. Mama Saning'o alikuwa nje anapepeta maharagwe. Akanitazama, akaona afanye uungwana, akanisalimu, "Takwenya." Nami kwa hofu nikajibu, "Sidai!"

Waya, najua sasa kwamba hujibiwa "Iko". Mtoto mdogo anajua.

Alijaribu kununa akashindwa. Alishika ungo na kucheka hadi maharagwe yakamwagika, akaniambia, "Wewe usiongee Kimaasai tena kama hakuna mtu mzima karibu." Tukaokota maharagwe pamoja. Nikamweleza yote, na sherehe yako, na masikio yako. Nisamehe, nilikuwa natafuta huruma. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema hasira yake haikuwa ya wakwe tu. Lucy ni mtoto wake wa mwisho, na siku ile yote alikuwa amezunguka na sufuria na wageni ili asimwambie hilo neno. Halafu mtu akalisoma kwenye maikrofoni kabla yake.

Ameomba nimtengenezee mkufu kama ule wa Lucy, lakini wa kwake. Amesema ndani ya sanduku lile lile.

Kibao nimekiacha. Ukutani nimeongeza kwa mkono wangu: VITO VYA KUAGANA. Tutaona. Krismasi haiko mbali na Baba bado anasafisha miwani.

Sasa sikiliza, yaani soma. Tarehe saba Oktoba nina miadi ya masikio hospitalini Kajiado mjini, kwa jina lako. Nimeshalipia. Utakuja na Lemein, mimi nitakupokea stendi. Ukikataa nitakuja huko niseme mbele ya kwaya.

Anayekupenda,
Apondi


Loitokitok,
2 Novemba 2025

Nyar owadwa,

Huku tu salama na mvua imenyesha kidogo. Safari hii imenyesha kweli.

Asante kwa kunishika mkono kule Kajiado, hasa yule daktari kijana aliponipigia kelele kama niko ng'ambo ya mto. Kifaa cha kusikia nimekivaa sasa wiki ya tatu. Kwanza niligundua kwamba mlango wangu wa jikoni hulia kama ndama. Kisha nikagundua kwamba kibarua wangu huniimba ninapogeuka, na wimbo una jina langu.

Halafu Jumapili nikavaa hereni zako. Nilipoinama kufunga kiatu nikasikia kengele. Nikatoka nje nikijua mbuzi wa jirani ameingia kwenye vitunguu. Hakuna mbuzi. Nikageuka, kengele. Nikasimama, kimya. Apondi, ni hereni! Yale majani ya shaba yanagongana! Tangu Mei nimekuwa nikilia kanisani kama kundi zima la mbuzi wanaorudi nyumbani, na mchungaji wa watu aliponitazama katikati ya mahubiri mimi nilimtolea tabasamu. Nami nilidhani wanapendezwa.

Nilimuuliza Istahil kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mwalimu, tulikuwa tunajua uko wapi. Ukinyamaza tulikuwa tunakuja kukuangalia." Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikalia kidogo, si kwa ubaya. Hereni nitaendelea kuzivaa.

Sasa kuhusu ndugu yangu Ouma, baba yako. Ananiandikia kwamba atakuja kuliona duka Jumamosi ya kabla ya Krismasi, atoe uamuzi. Namjua tangu alipokuwa anakojoa kitandani. Usimpe maelezo. Ukimweleza atatafuta kasoro. Mpe stuli, mpe kitambaa cha kufutia vioo, halafu uende nyuma.

Shangazi yako,
Trufosa


Kitengela,
21 Desemba 2025

Mpendwa Waya,

Salamu za Krismasi kwako, kwa Istahil na hata kwa mbuzi. Mimi sijambo, ila miguu inawaka moto.

Baba alikuja jana asubuhi na koti la suti. Alisimama nje akasoma kibao, akasoma ukuta, kwa ile miwani yake ya makopo. Sikueleza kitu. Nilimpa stuli na kitambaa, nikajibana nyuma ya pazia la pembeni. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akisema nirudi, nitarudi. Niliahidi. Hata zile sketi za ofisi nilikuwa nimezipiga pasi Ijumaa, nikikasirika kwa kila mkunjo.

Shule zimefungwa na watu wanahama, kwa hivyo duka lilikuwa limejaa, yaani watu watatu ndani na wengine mlangoni. Kulikuwa na msichana anayeenda Doha, dada zake wakimnunulia bangili za kufanana, kila mmoja yake. Kulikuwa na kijana aliyetaka kitu cha kumpa mama mwenye nyumba anapohama, jambo ambalo Kitengela halijawahi kusikika. Na kulikuwa na mama mmoja kutoka Isinya, ametumwa na Mama Saning'o, binti yake ameposwa.

Baba alianza kwa kufuta kioo. Kisha akamwambia yule kijana kwamba shaba haitaki maji ya sabuni, sijui alisoma wapi. Kisha akawa anawavisha watu. Waya, ni muuzaji mbaya sana. Alimwambia mmoja wa wale dada kwamba mkufu ule unamfanya aonekane hana shingo. Alimuuliza mama wa Isinya habari za presha yake. Wala hawakuondoka! Walikaa, wakabishana naye, wakanunua.

Nilikuwa naunga kifungo cha mkufu wa Isinya simu ya Baba ilipolia. Nilichungulia kwenye pazia. Aliitoa, akaishika mbali ili asome jina, na hata kutoka nilipokuwa nililijua lile jina kwa jinsi alivyonyoosha mgongo. Alikuwa meneja wa shamba la maua. Baba alikuwa amemwahidi jibu siku hiyo. Nikaweka koleo chini. Nilifikiri, basi, imefika, na nikatamani angalau atoke nje aseme huko nisisikie.

Hakutoka. Aliweka simu sikioni, mkono mwingine bado umeshika hereni mbele ya uso wa yule mama.

"Ndugu yangu," akasema, "samahani kidogo, siwezi kuongea saa hii. Tuko na wateja."

Wako daima,
Apondi